Nimelipia Visiki: Huduma ya Kisiki Hai Kijijini Kwetu, Kongwa

Mwaka 2017 nililipa vijana shilingi 80,000 kwa eka wang'oe visiki shambani kwangu. Mwaka 2021 nikawalipa wengine shilingi 30,000 kwa eka waje kuvitunza vile vilivyosalimika. Ukitaka kumwona mtu aliyejitoza faini mwenyewe, njoo unitazame.

Mimi ni mama lishe. Banda langu liko karibu na Soko la Sabasaba, Dodoma mjini: ugali, wali, maharage, mlenda, na nyama siku za mshahara. Wateja wananihukumu kila mchana kabla hawajameza tonge la pili. Ugali haujaiva, mchuzi umezidi maji, leo pilipili iko wapi. Nimezoea. Lakini nami nikitoa hela yangu nina ulimi, na safari hii nautumia kwa kikundi cha kijijini kwetu kinachofanya kazi ya kisiki hai, yaani kurudisha miti kutoka kwenye visiki vyake, na makinga maji kwa malipo kwenye mashamba ya watu. Hawana ofisi wala kibao. Ukishuka Mbande, ukachukua bodaboda ya kuelekea Kongwa, ukasema unawatafuta watu wa visiki, dereva hakuulizi mara mbili.

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na lake: nimeridhika, na ningelipa tena. Ila nilichodhani nanunua sicho nilichopaswa kununua, na ilinigharimu kiangazi kizima kulijua hilo.

Shamba ni eka 5 alizoacha marehemu baba. Lina mteremko kidogo, juu udongo mwekundu, bondeni mfinyanzi unaopasuka kiangazi hadi mtoto anaweza kupoteza kandambili humo. Mvua kwetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 hivi kwa mwaka mzuri, na haziji kwa mpangilio: siku tatu za hasira, halafu wiki tatu jua linakukodolea macho. Tunalima uwele, mtama, alizeti na karanga kidogo. Mahindi tunalima kwa ubishi tu.

Nilipolirithi nilitaka shamba la kisasa, na kisasa kwangu kilikuwa trekta lipite bila kugonga kitu. Hela ilitosha eka moja na nusu. Vijana walichimba, wakachoma mizizi, wakapalainisha kama uwanja wa mpira. Nikapiga picha, nikawatumia ndugu. Msimu wa kwanza lilipendeza. Msimu wa tatu udongo wa juu ulikuwa umeshahamia kwa jirani, na upepo wa Agosti ulikuwa unabeba uliobaki.

Nikaingiwa na imani ya miti. Mwaka 2019 nilinunua miche 200 kwenye kitalu kimoja cha barabarani, muuzaji akaniapia kwamba inahimili ukame. Mizizi ilikuwa imeshajizungusha ndani ya kiriba kama tambi kwenye sufuria, wala sikujua kwamba hilo ni kasoro. Nikapanda Januari. Mvua ikakata Aprili, na kuanzia Mei nikawa nalipa mtu amwagilie kwa ndoo, tena maji ya kununua. Ilipofika Oktoba miche iliyokuwa hai ilikuwa 11, na katika hiyo 11, 4 ni miarobaini, ambayo haifi hata ukiitukana.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo shangazi aliponiambia, "Wewe unanunua watoto wa kambo, wa kwako umewafukia." Alikuwa anatoka kwenye mafunzo ya kijiji. Jina la Kisiki Hai lilishaenea mkoani Dodoma. Shirika la LEAD Foundation kwa kushirikiana na shirika la Justdiggit walikuwa wameanza kuipeleka njia hii vijijini kwa nguvu kuanzia 2018, na kijijini kwetu kikundi kilijifunza kwa watu waliofunzwa kijiji cha jirani. Kwa hiyo hawa ninaowazungumzia si wataalamu waliokuja na gari. Ni watu ninaowafahamu, baadhi nimesoma nao.

Kwa asiyejua: mti uliokatwa porini au shambani mara nyingi haufi. Chini una mizizi mizito iliyoenda kutafuta maji tangu enzi za babu. Kila mwaka unachipua, kila mwaka tunafyeka au mbuzi wanatafuna, basi unabaki kichaka. Kisiki hai ni kukisaidia kile kichaka kiwe mti tena. Hakuna kupanda wala kumwagilia, na kiriba hukioni. Nikakumbuka ndoo zangu za maji nikanyamaza.

Mwenyekiti wa kikundi anapenda kusimulia habari za Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa Maradi nchini Niger akipanda miche inayokufa, kama mimi na ya kwangu. Mwaka 1983 alisimamisha gari apunguze upepo wa matairi ili apite mchangani, akatazama vile vichaka vya kando, akatambua majani yake. Kumbe ilikuwa miti iliyokatwa, inachipua. Huko Niger sasa huhesabiwa hekta kama milioni 5 zilizorudiwa na miti kwa njia hiyo, kazi ya wakulima wenyewe, na Rinaudo mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Mzee jirani yangu wa shamba alipoisikia hadithi hii mbele yangu alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, sisi mkababu hatukuukata shambani tangu zamani, na tuzo hatujaiona." Ana haki. Mkababu ni mti uliopindua kalenda: masika unapukutisha majani, kiangazi unayavaa. Ukiwa umelima uwele chini yake haukunyimi jua, na Septemba wakati kila kitu kimekauka unadondosha maganda ambayo mbuzi na ng'ombe wanayagombea. Wazee walijua. Sisi tuliosoma kidogo ndio tuliokuja na mashoka.

Tena Kongwa kuna kisa cha visiki kinachojulikana dunia nzima. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa ule mradi wao wa karanga, wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, kung'oa pori na mizizi yake yote. Pori likawashinda, mizizi ikavunja vyuma, na walipofanikiwa kusafisha, udongo ukakauka jua likauchoma ukawa kama saruji, karanga zenyewe hazichimbuki. Mwaka 1951 wakaacha, zaidi ya pauni milioni 30 zimeshakwenda. Baba yake mzee jirani alifanya kibarua kule. Anasema wazungu walikuwa wanakiogopa kisiki kuliko simba. Mimi 2017 nilikuwa narudia mradi wa karanga kwenye eka moja na nusu.

Sasa huduma yenyewe.

Kasoro ya kwanza ni muda. Waliniahidi Septemba. Septemba ikapita, simu ya katibu inaita haipokelewi, ikipokelewa ni "kesho kutwa, mama". Walitokea Novemba tarehe 6, mawingu yameshaanza kujikusanya. Najua sababu: kila mtu anawataka wakati mmoja, kabla ya mvua, na wao pia wana mashamba. Lakini mimi nikimwambia mteja chakula saa sita nikampa saa tisa, atakula kwa mwenzangu. Hapa hakuna mwenzao, ndiyo shida.

Walikuja watano, wanawake watatu na vijana wawili, na mapanga yaliyonolewa vizuri sana. Hilo nililiona haraka kwa sababu kisu butu jikoni ndicho kinachonipandisha presha. Aliyewaongoza ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya. Tulisalimiana, mbukwenyi, mbukwenyi, habari za watoto, habari za mjini, kisha tukazunguka shamba lote kabla hawajakata hata jani. Wakahesabu visiki 143 kwenye eka tatu na nusu. Mimi ningekuambia havifiki 40.

Tukasimama kwenye kisiki cha mlama. Nilikuwa nakifahamu, kila mwaka nakifyeka, kila mwaka kinarudi, nilishakihesabu adui. Yule mama akachuchumaa, akafunua majani, akaanza kuhesabu machipukizi kwa kidole. Kumi na tisa.

"Mama, hawa wote wananyonya titi moja," akaniambia. "Wewe una wangapi?"

"Wanne."

"Na hao wanne walikutoa jasho."

Akaniuliza nataka nguzo au nataka kuni. Nilishangaa kuulizwa. Ukitaka nguzo unaacha machipukizi mawili au matatu yanenepe. Ukitaka kuni unaweza kuacha hadi matano na kuvuna kidogo kidogo. Nikasema kuni, kisha nikabadilisha, nikasema nguzo, kisha tukakubaliana visiki vya mpakani viwe vya nguzo na vya katikati vya kuni. Kwenye ule mlama akachagua matatu, manene, yaliyonyooka, yanayotazama pande tofauti ili yakikua yasisuguane. Mengine akayakata chini kabisa, panga likitoka chini kwenda juu, kwa sababu ukikata kutoka juu gome linachanika na ugonjwa unaingilia hapo. Yale matatu akayaondolea vitawi vya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Juu hakugusa. "Majani ndiyo jiko lake. Ukimzimia moto wote atapika nini?"

Halafu akatoa mfukoni kipande cha kanga kuukuu, cha rangi ya chungwa, akakichana utepe, akafunga kwenye chipukizi nene kuliko yote. Nikadhani urembo. Kumbe ni alama: anayechunga, anayelima na anayetafuta kuni wakiona kitambaa wanajua kichaka hiki kina mwenyewe. Nilikidharau kile kitambaa. Tutarudi hapo.

Siku mbili wakamaliza. Matawi waliyokata ya miiba, ya mgunga, waliyalaza kuzunguka machipukizi madogo yawe boma. Mengine wakayatandaza kwenye mabaka yaliyo wazi, upepo na maji yakutane na kitu. Kosa moja lilitokea: kijana mmoja alikata mkole wote, hakuacha hata chipukizi moja, akidhani ni kichaka tu. Mkole! Matunda yake ndiyo tuliyokulia tukirudi shule. Kiongozi akamsema palepale, mimi akanipunguzia shilingi 5,000 kwenye bili bila kuombwa. Na mkole wenyewe ukachipua upya masika yaleyale, kwa hiyo kwa kweli nilipata faida.

Bili ya visiki ikawa shilingi 100,000 baada ya punguzo. Risiti ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari, sahihi nzuri, mhuri hakuna.

Makinga maji ni huduma nyingine na bei nyingine, shilingi 1,500 kwa mita. Nilichukua mita 80 upande wa juu wa eka zenye miti, 120,000 hiyo, na nikaumia, lakini hapa sina neno baya kuhusu ufundi. Wanapima kontua, yaani mstari wa usawa wa ardhi, kwa fremu ya A: fito mbili ndefu, moja ya kukingama, kamba na jiwe likining'inia katikati. Unatembeza fremu kama mtu mwenye miguu ya mbao, kamba ikitulia kwenye alama unapigilia kigingi, unageuza mguu mwingine. Mimi nilidhani najua mteremko wa shamba la baba. Vigingi vilipokwisha kupangwa, mstari ulikata kushoto mahali ningeapa maji yanaenda kulia. Wakachimba mtaro, udongo wakaurusha upande wa juu ukawa tuta. Hiyo ndiyo fanya juu, njia iliyoenea kutoka Ukambani kule Kenya mpaka vitabu vya kizungu vinaiandika kwa jina hilohilo la Kiswahili. Ukiurusha upande wa chini ni fanya chini.

Nilikuwepo mvua ya kwanza kubwa iliponyesha. Sikuwa nimepanga, nilikuwa nimeleta mbegu. Maji yaliteremka kutoka kwa jirani, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani, samadi na kandambili moja. Yalipofika kwenye tuta yakasimama. Yaani yalisimama. Miaka yote nimeyaona yakipita shambani kama mgeni asiyesalimia, siku ile yakakaa. Asubuhi yake hayakuwepo, yamezama, na nyuma ya tuta kulibaki utando laini wa tope jipya. Udongo wa jirani. Sikurudisha.

Ila msimu wa 2023/24, ule wa El Niño, mvua ilizidi, tuta likakatika mahali pamoja, kama mita 6. Nikawapigia. Wakadai 20,000 ya kurekebisha. Nikasema kazi yenu imevunjika, rekebisheni. Wakasema mvua si yetu. Tulivutana wiki mbili, mwisho nikatoa 10,000 na ugali wa watu wanne. Ushauri wangu kwao, wamesikia kwa mdomo na sasa waone kwa maandishi: andikeni tangu mwanzo nani anarekebisha nini, kwa muda gani. Na mimi nilikosea pia, waliniambia nioteshe nyasi za malisho juu ya tuta zishike udongo, nikaacha mpaka tuta likatike.

Sasa nirudi kwenye kitambaa.

Julai 2022 mavuno yameshatoka, niko mjini na masufuria yangu. Shangazi anapiga: mbuzi wameingia. Kundi la mbuzi kama 40, la mtu wa kijiji cha pili, walikaa shambani mchana mzima. Nilipofika, machipukizi ya visiki zaidi ya 50 yalikuwa yametafunwa hadi kwenye kitambaa. Mengine na kitambaa chenyewe wamekila. Nikawaka. Nikamwendea yule mama kiongozi nikamwambia nimewalipa kwa kitu gani basi. Alikuwa anapeta uwele. Hakuacha kupeta.

"Mama, wewe ulinunua panga. Macho hukununua."

Ikabidi nikae chini nielezwe. Kisiki hai hakilindwi na kitambaa, kinalindwa na makubaliano. Kwetu baada ya mavuno shamba ni la wote, mifugo inaingia kula mabua, hiyo ndiyo desturi na hakuna anayeiona dhambi. Kwa hiyo kijiji kilikaa kwenye mkutano mkuu, wafugaji wakiwemo, wakapanga upande gani unafungwa mpaka mwezi gani, upande gani uko wazi, mifugo inapita njia ipi kwenda kunywa maji, na anayekiuka analipa nini. Ikawa sheria ndogo, mtendaji anayo. Wenye mashamba waliojiunga wanachanga 5,000 kwa mwaka na kutoa siku za zamu, na watoto wachungaji wa kijiji chetu wanajua kila kitambaa ni cha nani. Walishazungumza na vijiji viwili vya jirani. Cha huyu mwenye mbuzi kilikuwa bado. Na mimi mkutano ule niliitwa nikasema niko bize, nitalipa, nitumieni gharama kwa simu.

Hapa ndipo ninapotaka mwenzangu wa mjini mwenye eka zake kijijini anisikilize. Ukija na hela tu utapata visiki vilivyokatwa vizuri, na Julai utalisha mbuzi wa watu. Kazi ya panga ni siku mbili. Kilichobaki ni watu, na hawakodishwi kwa eka. Nilijiunga. Nikakaa zamu, jua likanichoma, nikajua majina ya wachungaji wanne na mbwa wao. Mwenye mbuzi alilipa 50,000 kupitia serikali ya kijiji, na sehemu yangu niliitumia kumlipia mchango wa mwaka mjane mmoja tuliyepakana naye, kwa sababu shamba lake likiwa wazi na langu liko wazi.

Mzee jirani alikuwa mgumu kujiunga kuliko mimi, na sababu zake si za kitoto. Asili yake ni Kondoa. Anakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, na 1979 ng'ombe wakaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka sana. Anakiri miti ilirudi. Anakumbuka pia ng'ombe wa baba yake wakiondoka. "Kilichokuja na gari," anasema, "kitaondoka na gari." Alipoona safari hii gari halipo na mwenyekiti ni mtoto wa dada yake anayemdai mbuzi mmoja, akatia sahihi. Shinyanga nao, HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza 1986, ilishika ngitili, malisho yaliyotengwa kwa desturi ya Wasukuma wenyewe, na ikaenda mbali. Nadhani mzee angeielewa ile zaidi.

Matokeo, maana najua wengine mmeruka hadi hapa. Sasa nimevuna misimu minne. Kati ya visiki 143, vilivyo hai na vimepita urefu wangu ni 104. Nimeshavuna fito za kuezekea jiko la shangazi, na kila nikienda napogolea mwenyewe, narudi na mizigo miwili ya kuni. Kwa maharage na makongoro natumia hizo. Wali napikia gesi. Gunia moja la mkaa kila miezi miwili silinunui tena. Kwa mama lishe hiyo ni hela ya kweli.

Mavuno nisikudanganye. Msimu wa 2021/22 mvua ilichelewa, tulivuna majuto sote. Msimu uliopita nilipanda uwele wa aina ya Okoa, siku moja, mbegu moja, pande mbili: eka moja na nusu niliyoing'oa visiki ilinipa gunia 3, na eka moja na nusu yenye miti gunia 5. Lakini yenye miti ndiyo iliyo chini ya makinga maji, kwa hiyo ni mti au ni mtaro sijui kuvitenganisha, na atakayekuambia anajua mwulize alipima vipi. Nusu eka niliyobakiza pembeni nimejaribu mashimo ya Chololo, ya kijiji cha Chololo hapahapa Dodoma, vishimo vidogo vya sentimita ishirini na kitu, samadi ndani, mbegu juu. Mtama wa aina ya Macia ulisimama vizuri. Kuchimba kwake lakini, mgongo unakutaja jina.

Yanayokera hayaondolewi na huduma nzuri. Ndege. Miti imerudi na ndege wamerudi, na uwele ukianza kukomaa unahitaji mtu wa kuwinga kutwa nzima. Mtama unapona kidogo, uwele ndio karamu yao. Alizeti chini ya mgunga uliotanuka inatoa vichwa vidogo. Na trekta: mwenye trekta alikuja, akatazama visiki, akatazama majembe yake ya sahani, akawasha akaondoka. Sasa nalimiwa na ng'ombe na ripa ya Magoye, inayochana mistari tu bila kugeuza udongo wote, inapita kati ya visiki. Ni polepole na wenye ng'ombe wanaojua ripa kijijini ni wawili.

Kitu kimoja sikukilipia. Mwaka juzi, kwenye eka ile iliyong'olewa, ambayo nilishaiandika marehemu, mzizi mmoja uliosahaulika na wale vijana wangu wa 2017 ulitoa chipukizi. Mpingo. Uko kama goti langu, na mpingo hauna haraka, sitauona ukiwa mti. Niliufunga kitambaa mwenyewe.

Bei sasa imepanda, visiki ni 35,000 kwa eka, mtaro haujabadilika. Wapigie kabla ya Agosti, usingoje Septemba, na hudhuria mkutano wa kijiji hata kama huelewi ajenda. Beba na kanga kuukuu. Safari ya pili za kwao ziliisha, wakanitazama, nikatoa niliyokuwa nimejitanda.